Mpiga Dramu Aliyeitwa Mbio

Mimi ni mkata karatasi. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kusimama mbele ya mashine yenye kisu kirefu kuliko mkono wangu: sogeza rimu, bana, kata, sogeza tena. Vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo, na kwa watu wa kazi hii hilo ni jambo la kujivunia. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyopiga gitaa la besi katika bendi ya roki kwa miaka kumi na saba. Watu wakiniuliza habari za bendi huwa nawapa vituko, maana vituko tunavyo vya kumwaga. Kimoja kati ya hivyo nilikuwa nakisimulia nusu tu, tena ile nusu iliyonifaa mimi.

Tulikuwa wanne. Mwimbaji wetu alifundisha shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha watoto sitini kwa mpigo. Tulimwita Mwalimu, na hata mumewe alimwita hivyo. Gitaa la solo lilikuwa la fundi wa mafriji, Fundi Friji, mtu wa maneno mengi na mizaha isiyo na breki. Nyuma yetu kwenye dramu alikaa muuguzi wa chumba cha sindano katika zahanati ya mtaani kwetu, kijana mpole ambaye watoto walimlilia wakiingia na kumpungia mkono wakitoka. Huyo ndiye aliyekuja kuwa shemeji yangu, lakini wakati huo alikuwa rafiki tu, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye bendi.

Mahali pa mazoezi tulipewa na bosi wangu, mama mmoja mkali aliyekirithi kiwanda cha uchapaji kutoka kwa baba yake. Alitupa stoo ya karatasi iliyo nyuma ya kiwanda, kwa sharti moja: tupige wakati mashine kubwa inachapa, basi. Majirani walikuwa wameshaizoea ile mashine miaka na miaka, kwa hiyo kelele zetu zingejificha ndani ya kelele zake.

"Mashine ikizimwa na nyinyi mzime," alituambia, kidole juu. "Nikisikia gitaa baada ya hapo, mazoezi mtayafanyia barabarani."

Zamu yangu iliisha saa tisa alasiri na mashine ilizimwa saa kumi na moja. Katikati hapo, siku tatu kwa wiki, tulijibana kati ya rimu zilizopangwa mpaka darini na kupiga roki. Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa inakwenda, gu-dum, gu-dum, gu-dum, sakafu inatetemeka, vikombe vya chai vinatembea vyenyewe juu ya maboksi. Rafiki yangu wa dramu alilalamika kwamba hajisikii mwenyewe anachopiga. Tukapatana kwamba atazame mguu wangu wa kushoto. Mimi nikipiga besi, mguu huwa unagonga sakafu wenyewe, siuagizi. Basi yeye macho yake akayaweka kwenye kiatu changu, na mambo yakanyooka.

Mguu wangu nao haukuwa na kazi ya kufikiri. Tangu asubuhi mpaka alasiri ulikuwa unaisikiliza mashine ile kupitia sakafu, na jioni ulikuwa unarudia somo. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili. Tukatunga nyimbo kumi na moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeng'amua kwamba zote zilikuwa na mwendo mmoja. Mwalimu alipofiwa na mama yake akaandika wimbo wa majonzi, tukaupiga kwa kasi ileile ya kuchapa madaftari. Tuliona ni mtindo wetu.

Siku ya onyesho la kwanza ikafika. Lilikuwa katika ukumbi wa chuo cha ualimu, mchana, kwenye mahafali. Mwalimu ndiye aliyetuombea nafasi kwa sababu alisoma hapo. Tulipanda jukwaani tumevaa mashati meusi yaliyopigwa pasi mpaka yanang'aa, Fundi Friji akaungurumisha gitaa mara moja, wanachuo wakapiga mayowe. Rafiki yangu akagonga vijiti, moja, mbili, tatu, nne, tukaingia.

Nakumbuka kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa ukimya chini ya miguu. Sakafu ya mbao, imetulia tuli. Nikahisi kama mtu aliyekwenda kukaa akakuta kiti kimevutwa. Besi ikaanza kwenda, na moyo nao unakwenda, na baada ya muda nikaona Mwalimu anameza maneno. Aliimba beti mbili za mwisho bila kupumua, mishipa ya shingo imemtoka. Fundi Friji alifika kwenye solo yake vidole vimegeuka utitiri. Wimbo wa dakika nne tuliumaliza kwa dakika mbili na nusu. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Ule wa majonzi ya mama yake Mwalimu watu waliucheza wakirukaruka.

Tuliposhuka ukumbi mzima ulikuwa unacheka, wengine wameshika mbavu. Mkuu wa chuo akachukua kipaza sauti akasema, kwa adabu kabisa, "Tunaishukuru sana bendi kwa kujali muda wetu."

Nyuma ya jukwaa Fundi Friji hakuuliza swali. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga dramu.

"Bwana wee, ulikuwa unakimbizwa na nani? Polisi? Wewe ni muuguzi au mbio za marathoni?"

Rafiki yangu alikuwa anajifuta jasho kwa taulo dogo. Akainama. "Ni mimi, jamani," akasema. "Niliingiwa na hofu. Niwieni radhi."

Mwalimu akalia kidogo, si kwa hasira, kwa aibu tu, mbele ya walimu waliomfundisha. Na mimi nikakaa kimya. Wakati ule nilikuwa na sababu, kwa kweli sikujua. Nilidhani ni dramu kama wao walivyodhani, maana ukumbini dramu inasikika mpaka kwenye lango, lakini besi watu wanaihisi tumboni na hawajui inatoka wapi. Fundi Friji akamwita Mbio papo hapo, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo. Hebu fikiria mtu anayeshika mkono wa mgonjwa kutwa nzima kuhesabu mapigo ya moyo, anaitwa Mbio.

Jumatatu iliyofuata mashine kubwa ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Kiwanda kizima kimya. Nikiwa nakata vifuniko vya madaftari, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wetu wa kwanza huku mguu unagonga. Macho yangu yakatua kwenye saa ya ukutani. Nilipofika mwisho wa wimbo, nikaona kitu. Nikarudia tangu mwanzo, nikitazama ile saa. Nikarudia tena mara ya tatu. Kila mara nilianza vizuri, kufika katikati mguu ulikuwa unatimua mbio. Dakika mbili na nusu. Dakika mbili na nusu. Pungufu kidogo ya mbili na nusu.

Hapo nilijua. Yeye alikuwa ametazama mguu wangu kama tulivyopatana. Aliufuata kwa uaminifu kama alivyoufuata miaka miwili, na mimi niliyezoea kubebwa na mashine nikamkimbiza mwenzangu mpaka kwenye aibu.

Ningesema siku ileile, ingekuwa kicheko cha wiki moja. Nilikwenda mazoezini nimejiandaa kabisa, nikamkuta Fundi Friji anaiga Mbio alivyokuwa anapiga, anazungusha mikono kama feni, watu hawana mbavu. Nikajiambia nitasema kesho. Mtu anayesema atasema kesho anakuwa ameshaamua, hata kama mwenyewe hajajua. Nikauchuna.

Mbio alibadilika tangu hapo. Alinunua kidude kidogo chenye taa nyekundu inayomhesabia mapigo, akakiweka sakafuni karibu na mguu wake, na hakunitazama tena kiatu. Alipiga kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani, hatua kwa hatua, hakuna tone linalomwagika. Tukimwomba apige peke yake hata kwa nusu dakika, kama wapiga dramu wanavyopenda, alikuwa anatikisa kichwa. "Mimi tena? Mnataka tufukuzwe?" Alikuwa anacheka akisema hivyo. Mimi nilijifunza kumfuata yeye, nikashika adabu, na bendi ikawa nzuri. Hata mashine ilipouzwa na stoo ikageuzwa ofisi, tulihamia gereji ya Fundi Friji na hatukutetereka.

Miaka mitatu baada ya mahafali yale alimwoa mdogo wangu wa kike, pekee niliye naye.

Mambo mazuri tuliyaona mengi. Tuliwahi kupiga juu ya lori kwenye ufunguzi wa duka la vifaa vya ujenzi, dereva akasahau kama tupo, akaondoka nasi kwenda kupakia saruji, na Mwalimu hakuacha kuimba mpaka kwenye geti la ghala. Tuliwahi kualikwa kwenye shule ya viziwi. Tulidhani wamekosea, lakini wale watoto walivua viatu, wakaweka viganja kwenye spika, na hatujawahi kupata wasikilizaji makini kama wale. Halafu kuna siku ile ya uwanja wa michezo ambapo umeme ulikatika katikati ya wimbo. Magitaa yakafa, kipaza sauti kikafa. Mbio peke yake ndiye aliyebaki na sauti. Akaendelea. Watu wakaanza kumpigia makofi, Mwalimu akaimba kwa koo lake tupu, na sisi wenye magitaa tukasimama kama tulioandikiwa adhabu. Umeme ulirudi baada ya muda mrefu, tukaingia, na tulimkuta palepale tulipomwacha, hajasogea hata unywele.

"Mnaona?" Fundi Friji akasema baadaye. "Umeme wenyewe ulilazimika kukatika ndiyo Mbio akapunguza mwendo!"

Tulicheka wote. Jina likishamganda mtu, hata ushahidi wa kumtetea unageuzwa mzaha. Roho ilinisuta siku ile.

Mwaka wa kumi na saba Mwalimu akapata barua ya uhamisho, mbali, mbali kiasi kwamba hakuna aliyejidanganya kwamba tutaendelea. Tukakubaliana turekodi nyimbo nne kabla hajaondoka. Hatukuwa tumerekodi hata mara moja. Tulikaa gerejini kwa Fundi Friji, katikati ya mafriji yaliyotolewa milango, tukapanga siku na nyimbo. Hapo Fundi Friji akakuna kidevu.

"Jamani, niseme ukweli na mtu asininunie. Hii ni mara moja tu. Siku hizi kompyuta inapiga dramu vizuri, haichoki wala haishikwi na hofu. Tuiachie kompyuta, Mbio atusaidie kwenye kuitikia."

Nilimtazama shemeji yangu. Nilitaka akatae. Nilitaka atupe kijiti, atukane, aondoke. Alikuwa anafuta kiti kwa kiganja, polepole.

"Afadhali," akasema. "Nisije nikawaharibia."

Mwalimu akainamisha macho na hakupinga. Kumbe naye, miaka yote hiyo, hofu ya ule ukumbi ilikuwa bado imo ndani yake.

Maneno yakanitoka. Niliwaambia kila kitu: mguu, mashine, saa ya ukutani, dakika mbili na nusu. Nilidhani patatokea mtafaruku. Fundi Friji akanipiga begani, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Wewe una moyo mzuri," akasema. "Unamfichia shemeji yako aibu. Lakini sote tulikuwepo, mzee, na tulisikia kwa masikio yetu."

"Acha tu, shemeji," Mbio mwenyewe akasema. "Nakushukuru. Mambo ya zamani hayo."

Ananishukuru! Nilirudi nyumbani nikakosa raha kuliko miaka yote niliyonyamaza.

Studio ilikuwa nyumba ndogo yenye vyumba viwili, kuta zimefunikwa magodoro membamba, kati ya vyumba kuna dirisha la kioo. Msichana aliyesimamia mitambo alikuwa na kofia nyekundu na hakuwa mtu wa maneno. Tulifika saa tatu asubuhi. Dramu zilikuwepo pale, za studio. Nikamfuata yule binti kabla wenzangu hawajamaliza kufungua mikoba yao, nikamuuliza kama mitambo yake inaweza kupima mwendo wa mtu anayepiga.

"Inapima mpaka kupumua," akasema.

Nikawaomba wenzangu dakika kumi. Kwanza Mbio apige wimbo wetu wa kwanza, peke yake, bila kile kidude chake chenye taa. Alikataa. Nikamwambia, "Shemeji, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba." Akaniangalia kwa muda, akaenda kukaa. Alipiga dakika nne nzima macho yameelekea chini. Binti wa kofia akaandika namba kwenye karatasi: alianza na mapigo mia moja na kumi kwa dakika, akamaliza na mia moja na kumi na moja.

Halafu nikaingia mimi. Besi peke yake, hakuna wa kumfuata, mlango umefungwa. Nilijitahidi, naapa nilijitahidi, kwa sababu mtu hata akitaka kuumbuka bado hapendi kuumbuka. Kupitia kioo nilikuwa nawaona watatu wamesimama nyuma ya binti, wanatazama mtambo wake. Kufika ubeti wa pili Fundi Friji alikuwa ameshika kiuno. Kufika mwisho Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mia moja na kumi," binti akasema nilipofungua mlango. "Mpaka mia moja arobaini na saba. Kaka, ulikuwa unawahi wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mbio akafungua mlango wa nje akatoka.

Nilimkuta uani, karibu na matangi ya maji. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakupaza.

"Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa Mbio," akasema. "Zahanati mgonjwa akiniona anauliza kama sindano yangu nayo ni ya haraka. Nilicheka nao. Nilisema ni kweli, sina budi. Miaka kumi na tano, shemeji, kila nikishika vijiti naogopa mikono yangu mwenyewe."

Nilimwomba msamaha. Maneno ya msamaha ni machache na yote ni madogo, nikayasema yote.

"Mimi nitaona," akasema. "Lakini mdogo wako utamwambia wewe. Leo. Mezani kwangu. Sitaki kumwambia mimi, atadhani najitetea."

Tulirudi ndani tukarekodi. Kompyuta haikuguswa tena na mtu. Fundi Friji, ambaye hajui kuomba radhi, alimbebea Mbio ngoma kubwa kutoka kona moja hadi nyingine bila sababu yoyote. Kwenye wimbo wa mwisho, pale ambapo solo ya gitaa inaisha, Mbio hakungoja ubeti. Aliendelea peke yake, akazunguka ngoma zote, akapanda, akashuka, akaongeza mwendo kwa makusudi kisha akaurudisha mahali pake kama anayefunga mlango taratibu, na sisi tukasubiri tumeshika vyombo vyetu. Ilichukua dakika nzima. Imo kwenye rekodi, na hatukukata kitu.

Jioni nilikuwa mezani kwao. Watoto walimwamkia mjomba wao, wakatumwa nje. Mdogo wangu alikuwa anapakua chakula, nami nikamweleza huku nikitazama kitambaa cha meza, tangu stoo ya karatasi mpaka namba za yule binti. Mbio alikaa upande wa pili. Nilipomaliza, mdogo wangu alikuwa bado ameshika mwiko.

"Kaka," akasema, "ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ileile."

"Kwa hiyo siku ya harusi yangu ulikuwa unajua." Hakuuliza, alikuwa anahesabu. "Yule fundi wenu aliposimama kwenye kipaza sauti akaniuliza mbele ya wakwe zangu kama nina uhakika na mwanaume asiyeweza kusubiri wimbo uishe. Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu akatazama viatu vyake. Mimi nilikutafuta wewe, kwa sababu wewe ndiye ndugu yangu. Nikakuona unacheka."

"Nilicheka."

"Ulicheka kwa nguvu kuliko wote."

"Ndiyo," nikasema.

Aliuweka mwiko chini. Akaichukua sahani aliyokuwa amenipakulia, akaizunguka meza nayo, akaiweka mbele ya mumewe, juu ya ile aliyokuwa nayo tayari. Kisha akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono miwili mabegani mwake, na machozi yakamtoka bila sauti. Mbio alikaa na sahani zake mbili, akaushika mkono wa mkewe uliokuwa begani.

Nami nikasimama nikachukua kofia yangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Shemeji," akasema. "Rudi. Hizi sahani mbili siwezi kuzimaliza peke yangu."